Ruta Mbili za Hospitali

Siku ruta ya hospitali, kile kisanduku kinachogawa intaneti, ilipokufa, daktari wetu alikuwa akiongea kwa video na muuguzi wa zahanati ya Kakesio. Mama mmoja alikuwa amejifungua huko asubuhi ile na damu ilikuwa haikatiki. Daktari alikuwa akimwelekeza muuguzi namna ya kukanda tumbo, mara picha ikaganda. Alitoka mbio na simu yake hadi uani kutafuta mtandao. Alipompata tena muuguzi, robo saa ilikuwa imepita.

"Damu imekata," muuguzi alimwambia. "Nimekanda mpaka mikono imekufa ganzi."

Mama yule alipona. Lakini daktari alikuja hadi chumba changu cha mitambo, akasimama mlangoni. Hakufoka. Alisema tu, "Dada, leo kaokolewa na muuguzi, si na sisi."

Wakati ule nilikuwa nimekaa Karatu miaka miwili. Nilikuja kutoka Moshi kufunga intaneti kwenye loji za watalii, kisha hospitali ikaniajiri nisimamie mtandao wake. Tatizo nililijua: kompyuta zote zilitokea mlango mmoja, ruta moja, na ukifungwa huo hakuna pa kupita. Niliapa moyoni kwamba haitatokea tena.

Niliomba ruta ya pili, na laini ya pili kutoka kampuni nyingine, inayokuja kwa mnara badala ya waya. Wazo lenyewe si gumu. Ruta zote mbili zinatumia kwa zamu anwani moja, na kompyuta zinaijua hiyo tu. Kila sekunde ruta kuu inaiarifu ya pili kwamba ipo hai. Ya pili isiposikia kitu mara tatu, inaichukua anwani na kazi inaendelea.

Vilipofika, kuvifunga kulinichukua siku tatu. Kwanza nilikosea namba moja kwenye mipangilio, kila ruta ikajiona ndiyo kuu. Intaneti ikasuasua hospitali nzima, na watu wa mapokezi wakanipigia simu kila baada ya dakika chache. Sikutoka chumbani hadi nilipoiona namba ile. Siku ya tatu, mchana, nilizima ruta kuu, ya pili ikapokea. Nilipiga makofi peke yangu.

Kumbe sikuwa peke yangu. Mama wa usafi, mtu wa Singida, alikuwa akipiga deki nyuma yangu. Aliinama chini ya meza na tambara lake.

"Dada, hizi zote mbili umezichomeka kwenye ekstensheni moja?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nikiichomoa hii kwa bahati mbaya, si zinazima zote?"

Niliona aibu. Siku tatu nilitazama skrini, sakafu sikuitazama hata mara moja. Nilimshukuru, nikavuta waya mpya hadi soketi ya ukuta wa pili inayotumia umeme wa sola, na ruta ya pili nikaihamishia huko.

Jumatatu asubuhi nilimfuata daktari. "Nataka kuizima ruta kuu wakati unaongea na Kakesio."

"Umechanganyikiwa?"

"Daktari, bora tuizime sisi leo, hakuna mgonjwa wa dharura, kuliko izime yenyewe siku yupo."

Alimpigia muuguzi kwa video na kumweleza. Nilimwomba mama wa usafi akae chumba cha mitambo, mimi nikabaki na daktari, na nilipompigia simu akaichomoa ruta kuu.

Picha iliganda, muuguzi mdomo wazi, mkono hewani. Nilihesabu kimyakimya. Nilipofika saba, mkono ulishuka.

"...na chanjo za surua zimebaki chache," muuguzi alikuwa akisema, katikati ya taarifa yake ya wiki. Kisha akatukazia macho. "Daktari, mmeshaizima au bado?"

Daktari alicheka, akavuta daftari lake. "Endelea. Chanjo zimebaki ngapi?"