Aliyetangulia Kwenye Umande

Kuna asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na nimeikumbuka tena jana uliponiambia, huku ukitwanga majani ya muhogo ya sombe, kwamba kesho huendi kupima mimba. Ulisema watu wanazungumza juu ya ugonjwa wa vipele, dispanseri wameanza tena kuwatenganisha watu, na mume wako yuko safarini, kwa hiyo huna wa kwenda naye. Sikukujibu, ukadhani nimekubali. Mimi nikinyamaza sijakubali. Nilikuwa nasubiri ule kwanza, maana wewe ukiwa na njaa huambiliki.

Sasa umekula. Sogea hapa nikuambie. Siyo karibu sana, nina mafua.

Asubuhi yenyewe ni ya zamani. Mimi ni mtoto wa Kasongo, nilizaliwa mjini, nyumba yetu ikisikia adhana bila kutega sikio. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Kabambare, akanioa na kunipeleka kukaa kwa mama yake kijijini. Mama mkwe wangu aliitwa Mwavita. Alikuwa mrefu, mkulima hodari wa mpunga, na maneno alikuwa akiyatoa kwa kipimo utafikiri chumvi. Nilipopata mimba yangu ya kwanza ikabidi nipelekwe kupimwa kwenye dispanseri ya misheni, na njia ilikuwa ndefu, ya kupita kwenye majani.

Kwetu Kasongo mwanamke mwenye mimba haendi kupimwa peke yake. Anakwenda na wifi yake au mama mkwe wake, mmoja amebeba kikapu, wameshikana mikono, wanacheka njia nzima. Akionekana peke yake watu wanaulizana amewakosea nini watu wa mume. Kule kwa Mwavita mambo yalikuwa mengine. Katika ukoo wao mke wa mwana hatembei bega kwa bega na mama mkwe. Yeye alitangulia na fimbo yake, mimi nikaambiwa nifuate kwa mbali, na nilipomkaribia aliongeza mwendo. Tulipofika alikaa upande mmoja wa uwanja, mimi upande mwingine. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka. Nilijiambia mama huyu hanitaki.

Safari iliyofuata nikaona siwezi tena. Tulipokuwa katikati ya njia nilikimbia nikamfikia na kumshika mkono. Alisimama. Hakupandisha sauti.

"Angalia nguo yangu," akaniambia. "Sasa angalia yako."

Kitenge chake kilikuwa kimelowa umande hadi mapajani, mbegu za majani zimemganda kila mahali. Changu kilikuwa kikavu kabisa.

"Mutu wa mbele njo anachukua umande. Na kama nyoka iko mu njia, inanikuta mie kwanza. Halafu we unasema siko na wewe?" Akabandua mbegu moja kwenye kitenge chake. "Unataka kushikwa mukono juu watu waone, ao unataka kufika?"

Alikwishaanza kutembea tena, na mimi nikabaki nyuma, mbali kama alivyotaka, nikiangalia majani yanavyomfungukia yeye kwanza kisha mimi. Kutoka siku hiyo sikulia tena njiani. Nilizaa salama, na nikazaa tena, na wa mwisho wangu ni mjomba wako Salumu unayemjua.

Miaka ikapita. Mwavita alifariki, babu yako akafuata, nami nikarudi Kasongo kuuza mchele sokoni. Ndipo ikaja korona.

Wewe ulikuwa bado msichana wa shule, labda unachokumbuka zaidi ni ndoo. Ndoo zenye bomba ziliwekwa mbele ya msikiti na mbele ya kanisa, na washoni wakashona barakoa za kitenge, zile kashne, kwa kila rangi, mpaka wanawake wakawa wanazilinganisha na nguo zao. Mama Furaha, jirani yetu, ya kwake aliivaa kidevuni. Alisema pua yake ni ya kunusia mawese kabla ya kununua. Watu waliacha kupeana mikono, wakaanza kugonganisha viwiko na kucheka, kisha redio ikisema wengine wamekufa huko mijini kicheko kinakatika.

Dispanseri nao waliliondoa benchi la kungojea zamu. Unajua benchi lile lilikuwa nini kwetu. Wanawake walikaa hapo paja kwa paja pamoja na mawifi na wakwe zao, wakiimba nyimbo za kunyonyesha, na zamu yako ikifika husikii hata woga. Sasa ikasemwa kila mwenye mimba aingie peke yake, waliomsindikiza wasiingie, na hata njiani watu wasitembee kwa kukaribiana. Mtaa wetu ulikataa. Hakuna aliyesimama kusema nakataa, la. Wanawake waliacha tu kwenda, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake. Lakini sababu ilikuwa moja: nani atakubali apite barabarani na tumbo lake peke yake, kama mtu asiye na watu?

Sifa, mke wa Salumu, alikuwa akikaa hapa kwangu na mimba. Salumu alikuwa machimboni Salamabila anahangaika na dhahabu. Huyu Sifa alikwisha kuzaa mara moja, na mtoto yule alitoka bila uhai. Muganga wa dispanseri alimwambia mbele yangu kwamba damu yake inapenda kupanda, kwa hiyo mimba hii asikose kuja kupimwa hata kidogo. Lilikuwa ndilo jambo moja tu aliloombwa.

Niliposikia habari za benchi nilikwenda mwenyewe kugombana na muganga. Alinisikiliza akiwa amesimama mbali, macho yamechoka juu ya kashne. "Mama, sikatazi umusindikize," akasema. "Ninakataza mujazane mu nyumba." Mimi nilisikia kukatazwa tu, hilo jingine lilinipita. Nikarudi nimenuna, nikauza mchele siku nzima nimenuna, hata wateja wangu wa zamani wakaenda kununua kwa mwingine.

Tarehe ya Sifa ikafika na kupita. Hakwenda. Alisema anajisikia vizuri, atakwenda mwezi ujao, mambo yakitulia. Kisha asubuhi moja nikamwona anatembea bila viatu uani. Nikamuuliza kandambili ziko wapi, akacheka, akasema zimepungua. Nikaangalia miguu yake. Ilikuwa imejaa, na alama ya kamba ya kandambili ilikuwa imezama kwenye nyama. Nikamuuliza kichwa, akasema ndiyo, kinauma kidogo tangu juzi. Mwanangu, niliogopa. Nilimwona yule mtoto wa kwanza tuliyemzika, nikaona tunakwenda kumzika wa pili kwa sababu ya benchi.

Nikamwambia abebe kikapu chake twende. Alianza kulia.

"Mama, nikipita pale peke yangu watasema siko na watu."

Ndipo Mwavita alipokuja kichwani mwangu, na kitenge chake kilicholowa. Muganga hakusema niache kwenda na mtoto wangu. Alisema tusijazane. Kwani mimi sijawahi kusindikizwa na mtu aliye mbali? Nilisindikizwa hivyo mimba yangu yote ya kwanza, na nilifika.

"Utakuwa na mie," nikamwambia Sifa. "Nitakuwa mbele. We ufuate, usinifikie."

Nikamweleza habari za umande haraka haraka wakati anafunga kitambaa. Nikajitwika kigoda changu cha sokoni kichwani, nikavaa kashne, nikatangulia. Barabara ya Kasongo haina umande, ina macho ya watu, na yote yaliniangukia mimi kwanza. Mama Furaha alikuwa anafagia. Akaniona mbele, akamwona Sifa nyuma, akauliza kama tumegombana. Nikamjibu kwa sauti ya kufika mpaka mwisho wa mtaa kwamba nampeleka mke wa mwanangu kupimwa, na yeye aache ufagio ampeleke wa kwake. Sifa aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoacha kulia.

Tulipofika sikuingia. Niliweka kigoda ng'ambo ya barabara, mahali ambapo akiwa mlangoni ananiona, nikakaa. Aliingia akigeuka geuka kuniangalia. Hakukaa sana, muganga akatoka mwenyewe akavuka mpaka nusu ya barabara. Akasema damu imepanda sana, aende hospitali leo hii, asirudi nyumbani hata kuchukua nguo. Akasema kama tungengoja mwezi ujao yeye asingekuwa na la kufanya.

Zikaitwa pikipiki mbili. Safari hiyo Sifa ndiye aliyekuwa mbele na mimi nyuma, na nilimwambia dereva wake akikanyaga shimo moja tu atanijua. Hospitali nao walinizuia getini. Nikaweka kigoda changu nje ya ukuta, nikapika hapo nje pamoja na wenzangu wengine waliokuwa na wagonjwa, tukipeleka chakula mpaka mlangoni na kurudi. Kila asubuhi Sifa alikuja dirishani, nami nasimama uwanjani, tunaangaliana. Siku waliyompasua kumtoa mtoto nilisali mpaka magoti yakakataa kuninyanyua. Kesho yake akaja dirishani akitembea polepole, akiinua kitu kilichofungwa kitenge. Kilikuwa kidogo mno. Nikaona mkono umetoka kwenye kitenge, unatafuta. Nililia mbele ya watu wote, na sikuona aibu.

Salumu alifika baadaye amejaa tope la njia ya Salamabila mpaka nyusi. Alitaka kumkumbatia mtoto hapo hapo. Nilimpeleka kwenye ndoo akanawe kwanza, na nikasimama kumhesabia vidole.

Mtoto akaitwa Mwavita. Ndiye huyo anayepita hapa na mfuko wa shule, mwenye kujibu watu. Wewe unamwita msumbufu. Mimi nikimwona namshukuru Mungu.

Tulipomrudisha nyumbani, Mama Furaha alikuja na uji, akasimama kizingitini, akauliza ile habari ya kigoda ilikuwaje. Siku ya kupima iliyofuata alinipita njiani na kigoda chake kichwani, mke wa mwanawe anamfuata kwa mbali. Baadaye wakaja wengine. Tukawa tunakaa ng'ambo ya barabara kama tunavyokaa sokoni, kila mtu na eneo lake, hakuna anayekanyaga la mwenzake, tukipiga kelele za mazungumzo kutoka kigoda hadi kigoda. Nyimbo zilirudi, sasa tukiimba sisi wa nje na wa ndani wakiitikia. Muganga alisema tunamzuia kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, lakini hakutufukuza. Watoto wa mtaa huu walichanjwa, na mama zao walipimwa, katikati ya korona hiyo hiyo.

Sasa wewe. Sikuambii ugonjwa ni uongo. Nawa mikono, funika mdomo, kaa mbali na watu kama wanavyotaka, na muganga akisema simama pale, simama pale. Lakini usije ukafanya ugonjwa kuwa sababu ya kuacha tarehe yako. Mimba haijui kuna nini redioni, inakua tu, na damu inapanda kimya kimya. Na usipime kupendwa kwako kwa mtu aliyekushika mkono barabarani. Uliza nani amelowa kwa ajili yako. Mume wako huko safarini analowa. Mama yako analowa. Na siku moja utatangulia wewe mbele ya mtoto wa mwenzio, naye atanuna akidhani humpendi. Usimfokee sana. Mwonyeshe nguo.

Kigoda changu nimekwisha kukiweka mlangoni. Kesho mimi niko mbele, wewe nyuma. Nimezeeka, mwendo wangu ni wa polepole, kwa hiyo uwe na subira na usinipite.

Mungu naye atutangulie sote wawili, mwanangu. Yeye apokee umande wote wa njia hii, akufikishe mkavu, wewe na huyo uliyembeba, mpaka siku nitakapomwona kwa macho yangu, hata ikiwa ni dirishani. Amina.