Tike Isiyolika

Mujukuu wangu wa Dodoma alinichapishia tike ya treni kwenye karatasi, kisha akaniwekea nyingine ileile ndani ya simu. Nilimuuliza kwa nini mbili, na mimi niko muntu mumoja.

"Tate," akasema, na tate njo namna wajukuu wa kwetu wanatuita sisi wazee, "hii ya karatasi ni yako ya mkononi. Ile ya simu ni kama hii imepotea."

Nikaitazama ile ya simu. Kisanduku kimejaa madoa meusi, kama mukeka uliosukwa na mulevi. Nikamuuliza imeandikwa nini.

Akacheka. "Yote. Jina lako, unapotoka, unapokwenda, kiti chako. Wewe huwezi kuyaona, mashine njo inayasoma."

 Nilikaa kitini pake na chai yake mkononi na sikuinywa.

Nilikuwa nimetoka Kindu kwa ajili ya mutoto wangu wa mwisho. Ameolewa Dar es Salaam, na mimba mbili za kwanza ziliharibika. Hii ya tatu daktari alisema atampasua, na siku ilikuwa imepangwa, asubuhi ya kesho yake. Mwenyewe aliniambia kwenye simu neno moja tu: "Mama, nisiingie mule ndani kama haujafika." Nilikuwa nimevuka ziwa, nimepita Kigoma, nimefika kwa mujukuu. Ilibaki treni hii moja ya umeme. Nikishushwa njiani, mutoto wangu ataingia peke yake.

Kwa nini muntu mzima aogope tike, inabidi nieleze.

Miaka ya vita treni ya kwetu ilikuwa inalala miezi mizima, kisha inaamka siku moja bila taarifa. Siku hiyo iliamka, tukapanda Kindu kwenda Kibombo, mimi na mama mukwe wangu, tukipeleka samaki wakavu tukabadilishe na mchele. Mama mukwe alikuwa mwanamke wa Lokandu, mwembamba, aliyezeeka kando ya mto. Meno yake karibu yote yalikuwa yamekwenda, lakini ulimi ulikuwa unafanya kazi yao. Huyu mutoto wa mwisho nilikuwa nimembeba mgongoni, hata kutambaa alikuwa bado. Tike zetu zilikuwa vikaratasi vyembamba vyenye muhuri wa rangi ya zambarau: KINDU. Yangu niliifunga kwenye pembe ya kikwembe, kitenge changu cha kiunoni, na kila mara nilikuwa naigusa kwa furaha. Mwenye tike hasukumwi na muntu.

Treni ikasimama porini, mahali pasipo kituo. Watu wenye bunduki wakapanda. Wa kwanza hakupiga kelele. Alisema kama kontroleri wa kweli, "Tike. Kila muntu aonyeshe tike."

Behewa zima likapumua. Kama wanauliza tike, tuliwaza, basi wana mukubwa wao, wana utaratibu. Mama mumoja wa mtaani kwetu, muuza mawese, aliinua yake juu, mkono umenyooka, kama mutoto wa shule anayejua jibu.

Yule muntu akaisoma polepole. "Kindu," akasema. Kindu wakati ule ilikuwa mikononi mwa wale waliokuwa wanapigana nao. "Basi wewe ni wa wale. Shuka."

"Lakini nimelipa, baba."

"Ndiyo, umelipa. Shuka."

Nikamgeukia mama mukwe. Yeye hakunitazama. Alikuwa ameishaingiza yake kinywani na ufizi wake ulikuwa unaisaga bila haraka.

"Kula yako," akasema chini-chini.

"Mama, ni tike."

"Najua ni tike. Uile, mupumbavu, kabla haijakukula wewe."

Fundo la kikwembe lilikataa kufunguka. Vidole vilikuwa vyangu lakini havinisikii. Nikaliingiza fundo lote kinywani, nikalikata kwa meno, nikatafuna nyuzi na karatasi pamoja. Mate hayakuwepo. Ilikuwa na ladha ya wino na ya samaki.

Walipotufikia, mama mukwe alishamaliza.

"Hatuna tike, baba," akamwambia kijana ambaye angeweza kuwa mujukuu wake. "Tulipandia njiani."

"Njiani wapi?"

"Pale kwenye majani. Treni ilipunguza mwendo."

"Basi ninyi ni wezi."

"Ndiyo, baba. Sisi ni wezi."

Walitupiga kwa vitako vya bunduki, wakachukua samaki wote, wakatuacha tumekaa. Mutoto alikuwa analia mgongoni, na mimi sikuweza kumwambia hata nyamaza, kwa sababu karatasi ilikuwa imenasa kooni. Wenye tike walishuka wote. Treni ikaondoka bila wao. Tuliofika Kibombo ni sisi wezi.

Majina yao ninayo. Yule mama wa mawese, mwalimu na mukewe waliokuwa wanarudi Tunda, mafundi wa Kalima, wote. Nikitwanga sombe, majani ya muhogo, huwa nayasema, moja kwa pigo moja. Hapa siyaandiki. Walishushwa kwa sababu ya kuandikwa.

Tangu hapo karatasi yenye jina la mahali haikai kwangu. Kadi ya chanjo, risiti ya hospitali, nikishapita mlango ilipotakiwa, inakwenda motoni. Watoto wangu wamekua wakinicheka. "Mama, cheti changu cha ubatizo kiko wapi? Mbuzi amekula?" Nawajibu ndiyo, mbuzi.

Basi asubuhi ile pale Dodoma nilipita lango la kituo na karatasi yangu, nikaonyesha na pasipoti, wakaniambia karibu. Kituo kile kinang'aa kama sahani, unaogopa kukikanyaga. Mujukuu alibaki nje, ananipungia mkono nyuma ya kioo. Nikaketi. Karibu yangu dirishani alikaa mama mumoja wa huko, mnene, mwenye mfuko wa karanga za kuchemsha, akanikaribisha karanga, nikakataa. Simu nilikuwa nimeifunga ndani ya kikwembe. Karatasi nilikuwa nimeishika.

Treni ile haitikisiki. Ile ya kwetu inakuambia kwa mifupa kwamba unakwenda. Hii inakaa kimya, na miti njo inakimbia. Nilikuwa nimeanza kumuwaza mutoto wangu, kama amekula, kama miguu yake imevimba, wakati mlango wa mbele ulipofunguka, akaingia muntu mwenye sare.

"Tiketi zenu, tafadhali. Tiketi."

Watu hawakusogea sana. Walikuwa wanainua simu, mashine ndogo inalia, anakwenda kwa mwingine. Nilikuwa naona haya yote. Najua niliyaona. Lakini kinywa changu kilikuwa kimeishafunguka. Karatasi ya siku hizi ni nene, mama mukwe angeilaani. Niliikunja mara moja, nikaitia, nikaanza kutafuna.

Mama wa karanga akageuka. "Bibi, unakula nini?"

Nikaendelea kutafuna.

"Bibi. Hiyo si tiketi?"

Nikameza. Ilishuka na kona zake zote. Machozi yakanitoka.

Mwenye sare akafika. Alikuwa binti, nywele amezifunga vizuri, uso hauna ubaya wowote. Akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, bibi."

Kule kwa mujukuu watoto wa jirani walikuwa wananisalimia hivyo kutwa, na nilikuwa nimeishajifunza kuitikia. Lakini neno lile likitoka kwa muntu mwenye sare, masikio yangu yalilikata katikati, yakabaki na shika peke yake. 

"Tiketi yako, bibi."

"Sina, mama," nikasema. "Nilipandia njiani."

Sikuchagua kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ya mama mukwe, na yeye amezikwa Lokandu zamani.

Nyuma yangu mwanamume mmoja akacheka. "Njiani wapi, bibi? Hii hata nyani hawezi kuirukia."

"Usimcheke mtu mzima," mama wa karanga akamwambia, kisha akamgeukia binti. "Alikuwa nayo. Ameila. Nimemwona kwa macho yangu."

"Ameila?"

"Ameila yote. Nilidhani ni chapati."

Hapo hata wa viti vya mbele wakageuka. Binti hakucheka. Hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu yule wa porini naye hakuwa akicheka. Akasema kwa upole, "Bibi, bila tiketi itabidi ushuke Morogoro. Tutaongea ofisini, polepole. Usiogope."

Shuka. Alilisema kwa adabu yote, na bado lilikuwa ni lile lile.

Niliona mambo mawili tu. Nikishuka Morogoro, sijui muntu, sijui njia, na kesho asubuhi mutoto wangu atageuza kichwa kwenye kitanda cha magurudumu anitafute. Nisiposhuka, ni kwa sababu nimetoa simu, na simu itasema. Itasema jina langu na nilikotoka mbele ya watu wote hawa, na ile huwezi kuila. Hata ukiivunja, mashine ya yule binti inajua. Nilikuwa nimefika mahali mama mukwe hakunifundisha.

"Bibi?" akasema binti.

Nikafungua fundo. Safari hii lilifunguka. Mujukuu alikuwa ameniambia nibonyeze hapa, kisha hapa, na ile picha itatokea. Nilibonyeza, ikatokea giza. Nikabonyeza tena. Mama wa karanga alinyoosha mkono anisaidie, nikauzuia. Nilitaka, kama ni kufa, niwe nimebonyeza mwenyewe. Kisanduku cha madoa kikatokea. Nikakiinua juu, mkono umenyooka, na nilipouona mkono wangu ule juu nikajua nimeuona wapi.

Mashine ikalia. Binti akasoma kwa sauti ya kawaida, jina langu lote, na la baba yangu, halafu, "Dodoma, Dar es Salaam. Mgeni, raia wa Kongo."

Behewa likasikia. Nikangoja. Nilitazama viatu vyake, kwa sababu viatu njo vinaanza kusogea kabla ya mikono.

"Haya, bibi," akasema. "Uko sawa. Ukila tena, kula chakula." Akaenda kiti cha nyuma.

Mimi niliendelea kungoja. Mama wa karanga aliniuliza Kongo sehemu gani, nikamwambia mbali. Akaniuliza mbali wapi, nikajifanya nimelala. Kila mlango ulipofunguka nilishtuka. Tulipita Morogoro, watu wakashuka kwa hiari yao wenyewe, na mizigo yao, wakitaniana, na niliwaangalia usoni kama kuna anayelia. Simu niliishika mpaka jasho likaifanya iteleze. Kufika Dar es Salaam, lango la kutokea nalo likataka tike, nikaiinua tena, na mlango wa chuma ukafunguka wenyewe bila muntu wa kuufungua. Hilo pia sikulipenda.

Mukwe wangu alinipeleka hospitali moja kwa moja. Mutoto wangu alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba kama nilivyojua. Akanishika mkono hakuuachia.

"Mama, umefika. Walikusumbua njiani?"

"Hapana."

"Mujukuu wako amenipigia, anauliza kama karatasi ilitosha, au ulitumia simu."

"Nilitumia simu."

"Wewe? Na karatasi?"

"Mbuzi amekula," nikamwambia.

Alicheka akijishika tumbo, akasema nimwache, atazaa palepale. Ile hadithi ya porini hajawahi kuisikia, ingawa alikuwemo, mgongoni. Sikumpa. Muntu anayekwenda kupasuliwa hapewi hadithi ya namna ile.

Asubuhi walimwingiza, nilikuwa mlangoni, aligeuza kichwa akaniona. Nilikaa kwenye benchi mpaka muuguzi akatoka na kitu kimefungwa kitenge, akakiweka mikononi mwangu. Mutoto wa kike, amekunja uso kama anadaiwa maelezo. Mama yake muzima, akasema muuguzi, anashonwa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha nikafungua kitenge nimuangalie vidole. Kwenye kifundo cha mkono walikuwa wamemfunga utepe mweupe umeandikwa. Nikausoma herufi kwa herufi. Jina la mama yake, na chini yake alama nyeusi kama zile za kwenye simu.

Kidole changu kikaingia chini ya ule utepe. Haukuwa wa karatasi. Nikauvuta kidogo, haukuchanika. Nikainamisha kichwa, nikaugusa kwa meno, kidogo tu, kujua ugumu wake.

"Mama," akasema muuguzi, "huo usiutoe. Ndio unaotuambia ni wenu."

Nikatoa kidole. Nikamfunika mkono wake na kitenge, utepe ukabaki ndani, nikamkumbatia hivyo, macho yangu mlangoni.