Nani Aliyechonga Kazi ya Mpelelezi

Binti wa dada yangu tulimwita Mpelelezi kabla hajaota meno ya pili. Ukimwambia chai imepoa, anatia kidole kwanza. Ukimwambia baba yako amesafiri, anakwenda kuangalia viatu mlangoni. Basi chuo kilipomchagua kwenda kusoma nchi za nje muhula mmoja, na baada yake miezi mitatu ya mazoezi kazini, tulicheka tukasema huko ugenini mashaka yatamkondesha. Na kweli, alirudi amepungua.

Alikuwa anasomea kutengeneza miguu ya bandia. Muhula wa darasani ulipita salama, akaingia karakana iliyokuwa ghorofa ya chini ya hospitali. Mlikuwa na meza mbili ndefu zenye vumbi la plasta, kabati la chuma, na vyuma viwili sambamba ambavyo mgonjwa hushika akijifunza kutembea. Fundi mkuu alikuwa mzee asiyefungua kinywa ila kwa lazima. Mwanafunzi mwingine, mwenyeji wa huko, alikuwa mtu wa kucheka na kila aliyeingia. Mpelelezi akambandika jina la Mcheshi, na hakumwamini tangu siku ya kwanza.

"Mama mdogo," aliniambia kwenye simu, "mtu anayecheka huku anawasha msumeno, huyo ni wa kuaminiwa?"

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa bibi mmoja, mshonaji mstaafu, aliyekatwa mguu chini ya goti. Mpelelezi alikipima kigutu kwa uangalifu, akatengeneza kikombe, ile sehemu ya mguu wa bandia ambamo kigutu huingia. Alipomvalisha akamuuliza kama kinambana.

"Kiko sawa kabisa, mwanangu," bibi akajibu. Akatembea hatua sita kati ya vyuma, akashukuru, akaenda zake. Mguu ukabaki kabatini kungoja kumaliziwa.

Siku mbili baadaye Mpelelezi akaushika mguu ule akahisi ukingo wa kikombe umepungua. Akausogeza dirishani. Palikuwa na mikwaruzo ya tupa ambayo hakuipiga yeye.

Akajiambia labda amesahau. Lakini wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo kwa mguu wa dereva mmoja, kisha kwa wa mwalimu. Hapo usingizi ukamruka. Akaanza kutia nukta za penseli ndani ya kila kikombe na kuzipiga picha kwa simu. Akabandika unywele kwenye mlango wa kabati, asubuhi akaukuta sakafuni. Chakula cha mchana akawa anakula peke yake, amekaa akitazama mlango.

Dada yangu naye akamwaga petroli kwenye moto. "Kikulacho ki nguoni mwako," akamwambia. "Mwangalie huyo anayechekacheka. Barua ya sifa mtakayopewa mwishoni ni moja au mbili?"

Hakuna aliyekuwa amesema ni moja. Lakini tangu siku hiyo Mpelelezi akaamini ni moja, na kwamba Mcheshi anaitaka. Mwishoni mwa mwezi wa pili, nukta zake tatu zilipofutika kwa mpigo, akamfuata kwenye sinki.

"Acha kuchezea kazi zangu," akamwambia.

Mcheshi akafunga bomba. Kwa mara ya kwanza hakucheka. "Kazi zako? Mimi za kwangu zinachongwa tangu nianze. Nilijua ni wewe." Akatoa simu, akamwonyesha. Naye alikuwa anapiga picha, ila yeye alitumia nukta nyekundu.

Wakatazamana kama majirani waliogombana kwa ajili ya kuku wa mtu wa tatu. Wakakubaliana kufika kesho yake saa moja kabla ya wakati.

Walipofungua mlango, walimkuta yule bibi mshonaji, amerudi tena, ameketi kwenye kiti, kigutu wazi, kina alama nyekundu mbele ya mfupa. Fundi mkuu alikuwa amepiga goti, kikombe mapajani, tupa mkononi.

"Bibi, uliniambia kiko sawa," Mpelelezi akasema.

Bibi akavuta sketi kufunika mguu. "Ulikuwa umenipigia magoti, mwanangu, umetoka mbali, unaniuliza kwa heshima. Ningekuambiaje kinaniumiza? Nilimpigia simu Fundi."

"Wote hupiga simu," Fundi akasema. "Wako na wake."

"Na wewe miezi miwili unatuangalia tu?" Mpelelezi akamuuliza.

"Mwanafunzi wa mwaka jana nilimwambia kikombe chake kinaumiza. Akanijibu mgonjwa mwenyewe amesema ni sawa. Nikaona safari hii ningoje, nione nani atashtuka."

"Tungejifunza nini kwa kuchongewa kwa siri, Fundi? Mimi nimeshindwa kulala. Nimemchukia mtu bure."

Mzee akapangusa tupa kwa kitambaa. "Hapo nimekosa," akasema, akampa.

Siku hiyo Mpelelezi hakumuuliza bibi neno. Alimtembeza, akamvua, akatazama ngozi ilipoiva, akachonga kidogo, akamvalisha tena. Mara tatu. Mara ya nne ngozi ilikuwa ya rangi moja. Bibi akataka kusema kitu kizuri, Mpelelezi akamkatiza: "Usinisifu, bibi. Panda ngazi."

Barua za sifa zilikuwa mbili. Na Mcheshi bado wanaandikiana, ingawa Mpelelezi husema kila ujumbe wa mwenzake huusoma mara mbili, huenda una jambo chini yake. Mpelelezi hajamsamehe Fundi yote. Aliniambia mzee yule ni fundi kweli, lakini akirudi huko leo atatia nukta zake vilevile.

Bibi mshonaji alitoka hospitalini bila fimbo, akavuka barabara hadi kituoni, na Mpelelezi akabaki dirishani akimtazama aone kama anachechemea.