Baiskeli Saba za Kwenda Lucky Summer

Jumanne iliyopita nililetewa habari kwamba yule fundi wa baiskeli wa Kaloleni, aliyekuwa akifanyia kazi karibu na ukumbi wa mtaa, amefariki. Aliugua wiki mbili tu, akaenda. Ninyi mnaonisoma kwa miaka mingi mnajua mimi si mtu wa kulia ovyo, na mazishini mara nyingi naenda kwa adabu tu. Safari hii nimelia, tena nimelia kama mtoto, na sababu yake nimeificha tangu miaka ya tisini.

Miaka ile, jamani, polisi na sisi wa Eastlands hatukuwa tukiangaliana kwa jicho zuri. Vurugu zikizuka mjini, marungu yaliishia mitaani kwetu. Fundi mwenyewe alivunjwa mkono jioni moja akifunga kazi yake, hana kosa, na mfupa ukaunga vibaya. Basi niliposikia kwamba yeye ndiye anayepanga msafara wa baiskeli wa kuchangia familia za polisi waliouawa kazini, nilicheka mbavu zikaniuma. Nikaandika, papa hapa kwenye safu hii, kwamba Kaloleni kuna mtu amevunjwa mkono mmoja na sasa anatafuta wa kumvunja wa pili. Watu walicheka kweli, nami nikajiona bingwa wa kalamu.

Siku mbili baadaye akaja ofisini, gazeti kwapani. Nikajiandaa kwa matusi.

"Umeandika vizuri, bwana mwandishi," akasema. "Hata mama watoto amecheka. Lakini watu wangu wameanza kutoroka. Wanaogopa kuitwa makachero. Vijana wananiambia, 'Mzee, siwezi onekana nikisaidia makarau.'"

"Na wewe je? Si ni hao hao polisi waliokuvunja mkono?"

"Aliyenivunja mkono simjui. Huyu aliyepigwa risasi na majambazi juzi namjua. Alikuwa akiniletea baiskeli yake kila mwisho wa mwezi, tunapiga gumzo mpaka jua linazama. Ameacha mjane na watoto watatu, na Jumamosi wanatakiwa wawe wametoka kwenye nyumba ya polisi, askari mwingine aingie. Hilo ulijua?"

Sikujua. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima bila kumuuliza mtu swali hata moja.

Jumamosi asubuhi nilijikokota hadi Kaloleni, aibu imenijaa. Waendeshaji waliojitokeza walikuwa saba, na wale walioahidi kuwachangia hawakuonekana hata mmoja. Nilidhani fundi atavunja safari. Akazitazama baiskeli, akasema, "Haya, mchango hatuna, lakini keria za kubebea mizigo tunazo. Twendeni tukamhamishe." Tulimkuta mjane mlangoni akipiga pasi sare ya marehemu. Ilikuwa lazima irudishwe kazini pamoja na kofia na mshipi, naye hakutaka irudi na mikunjo. Aliipitisha pasi kwenye kola mara mbili, mara tatu, nasi tukamngoja mpaka alipomaliza. Kisha tukafunga magodoro, masufuria na viti kwa kamba za mpira, tukaanza safari ya kwenda mtaa wa Lucky Summer, ambako dada yake alikuwa amempatia chumba. Mimi siwezi kuendesha baiskeli, kwa hiyo nilisaidiana na mmoja wao kusukuma ile yenye meza. Tulipopita mtaa wa Huruma tulizomewa, "Wapambe wa makarau!" Fundi akawajibu, "Niaje, vijana," akaendelea kukanyaga.

Tulipofika, mama yule aliwasha jiko kabla hata ya kufungua mizigo, akatupikia chai. Akiwa anamimina, akasema, "Kuna mtu wa gazeti alitufanya kichekesho mume wangu hajamaliza hata mwezi kaburini. Natamani nimwone uso." Kisha akanigeukia. "Na huyu je, fundi? Huyu simjui."

Mungu wangu! Nikainamia kikombe changu.

"Huyu ni mwenzetu," fundi akasema. "Amesukuma ile meza toka kwako hadi hapa."

Mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanibariki. Nami nikanywa chai yake. Tukirudi nilimuuliza fundi kwa nini hakunitaja, akajibu, "Leo amebeba vya kutosha." Hakuligusia tena neno hilo mpaka amekufa.

Juzi mazishini mama yule alinijia, mvi zimemjaa kichwani, akanikumbatia akilia, akasema tumebaki wachache wa siku ile. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nimeishi kwa maneno maisha yangu yote, na yale mawili matatu niliyodaiwa kweli yamenishinda. Nilichojifunza ni hiki, nawaachia ninyi vijana mnaoingia kazi hii: kabla hujamcheka mtu, nenda kwanza mlangoni kwake ukaulize kuna nini. Na wewe mama, kama gazeti hili limekufikia, yule uliyetamani kumwona uso ndiye uliyempa chai. Ni mimi. Nisamehe.