Siku Niliyowatafsiria Wamama Filamu ya Wale Dada Wawili

Nikikutana sokoni na mama yeyote wa kile kikundi cha wamama wa kwetu Kyumbi huwa nainama najifanya nachagua nyanya, kwa sababu najua swali litakalokuja na mpaka leo sina jibu lake. Aibu niliyoipata kwao sijaimaliza. Wacha niwaambie ilivyokuwa, mcheke mmalize.

Mimi na mdogo wangu Mumbua tulikuwa tumechaguliwa na kikundi cha maigizo cha Machakos mjini, wale waliokuwa wakizunguka shule za sekondari kuwaigizia wanafunzi vitabu vya mtihani. Mumbua alikuwa anacheza na kuigiza tangu utotoni (mimi nilikuwa na mdomo tu), na kiongozi wao alitaka jibu kufikia Jumatatu. Baba, aliyekuwa kwenye kiwanda cha simiti kule Athi River, alisema lolote atakaloamua mama ni sawa, na mama alikuwa ameshaamua kwamba msichana wa jukwaani hurudi nyumbani na mimba, basi, maneno yakaishia hapo. Mumbua akawa hata chakula hali.

Sasa, kanisani kwetu mkalimani nilikuwa mimi. Mhubiri mgeni akija na Kiingereza chake nasimama kando yake, akirusha mkono narusha mkono, akipaza sauti napaza, na wamama waliniamini kuliko mhubiri mwenyewe. Nikaona nitumie kipaji hicho. Nikaenda duka la kukodisha kanda za video, nikachukua moja ambayo kwenye kasha kulikuwa na dada wawili jukwaani wamekumbatiwa na mama yao, wote meno nje, nikajiambia mama akiona hii atalainika. Kuitazama kwanza sikuitazama (deki ya kuchezea kanda ningeitoa wapi?), nikaipeleka moja kwa moja kwa Mama Mutua, mwenyekiti wa kikundi cha wamama alichokuwamo mama, ambako walikuwa wanakutana Jumamosi hiyo na ambako kulikuwa na televisheni na deki.

Chai ikanywewa, kanda ikaingizwa, nikasimama kando ya televisheni kama niko madhabahuni. Na kitu cha kwanza kabisa, kabla hata majina ya waigizaji hayajaisha, dada mkubwa anamfokea mama yake, anabamiza mlango, anaenda kucheza klabu na kigauni kisichofika popote. Mama yangu akaniangalia.

"Anasema nini huyo?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Nikasema, "Anamwambia mama yake amechelewa mazoezi ya kwaya."

Hiyo kwaya ndiyo iliyonimaliza. Kwa sababu sasa ikabidi ile klabu iwe kanisa (la ng'ambo, nikaeleza, wenzetu husali na taa za rangi), na wale wanaume wenye chupa wakawa wazee wa kanisa wenye kiu, na yule kijana aliyekuwa akimshika dada kiuno nikamfanya kaka yao mkubwa aliyekuwa amepotea miaka mingi. Wamama wakamshukuru Mungu kwa kupatikana kwake. Mumbua, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, akaanza kunikodolea macho, maana Kiingereza alikuwa anakisikia vizuri kama mimi.

Haikuchukua muda, huyo kaka akamuoa dada yake. Gauni jeupe, keki, kila kitu, na mama yao yuko hapo hapo anapiga makofi.

Mama Mutua akaniuliza polepole, "Si huyu ndiye kaka yao?" Nikasema hapana, huyu ni mwingine, wanafanana. Mwingine akataka kujua basi kaka mwenyewe ako wapi, mbona hakuja harusi. Nikasema alifariki. (Alifariki saa ngapi? Hata mimi sijui.) Kuna mama mmoja akasikitika kweli, akauliza mbona hatukuona akizikwa, nami nikajibu kwamba watamzika mbele kidogo, na tangu hapo sikujua tena natafsiri filamu gani, kwa sababu dada mdogo alikuwa analia pale na sikusikia kwa nini, mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuweka mazishi.

"Ndunge," mama akasema. "Kaa chini. Nyamaza tuone."

Nikakaa. Filamu ilikuwa karibu kuisha. Dada mdogo alikuwa anacheza peke yake jukwaani, ukumbi umejaa, lakini macho yake yako mlangoni. Mlango ukafunguka, mama yake akaingia na aproni ya kazini, mkoba mkononi, akasimama nyuma ya watu wote. Mama yangu akavuta leso akajipangusa macho, kisha akageuka akamtazama Mumbua pale kwenye mkeka, akamtazama kwa muda mrefu.

Tuliporudi nyumbani na kuingia jikoni, ndipo akasema, "Mumbua, Jumatatu utaenda. Nitakuja kuwaona huko, na nikipata hizo taa za rangi tunarudi pamoja."

"Na mimi, mwaitu?" nikamuuliza mama.

"Wewe nimekuona leo ukiigiza," akasema, huku anasugua sufuria. "Hapana."

Jumatatu nilimbebea Mumbua sanduku mpaka barabarani, nikampungia mkono nikiwa nimefurahi na nimemwonea wivu, sijui kipi kilizidi. Ukalimani wa kanisa niliuacha Jumapili iliyofuata, nikasingizia kikohozi, na nikaapa kwamba sitamsemea tena mtu maneno ambayo hakuyasema, hata awe wa kwenye televisheni. Nilidhani yameisha. Lakini juzi tu, nikiwa nimeinamia nyanya zangu, mama mmoja wa kikundi, sasa ni nyanya mwenye wajukuu, alinishika mkono akaniuliza kwa huruma kabisa, "Ndunge, na yule kaka, mwishowe walimzika wapi?"