Papa Faustin Aficha Ng'ombe

Papa Faustin Nizeyimana wa Mushaki hupika jibini katika sufuria kubwa ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani yake. Mwaka jana mvua ilikata barabara ya Sake kwa wiki tano. Jibini mia na ishirini zikaozea chumbani, na harufu yake ikamfanya jirani ahamie kwa dada yake. Maziwa yote alikuwa ameyachukua kwa mkopo. Tangu hapo Papa Faustin akawa mtu wa kupita nyuma ya nyumba za watu.

Likirimba ya Mushaki, yaani chama chao cha kuchangiana, ina njia ya kumwokoa mwanachama aliyeshindwa na madeni. Husimama mbele ya wadai wake na kutaja mali yake yote na madeni yake yote. Akisema kweli, huachiwa chombo chake cha kazi na kupewa mwaka mzima wa kulipa. Akificha kitu, hunyang'anywa vyote, hata hicho chombo. Papa Faustin alijua kwamba bila sufuria yeye si kitu.

Lakini alikuwa na ng'ombe mmoja, Bihogo, na moyo ulimuuma kumpoteza. Jumamosi kabla ya mkutano alimswaga kutwa nzima hadi Nyamitaba, kwa rafiki yake Habineza.

"Hii ngombe njo yako," akamwambia, huku akimkonyeza.

Habineza alikuwa tayari analia kwa furaha. Kwao, mtu akikupa ng'ombe amekupa undugu, nawe utaapa kwa jina lake hadi kufa.

Siku ya mkutano, Mama Joséphine-Marie, mwenyekiti wa likirimba, alifungua daftari.

"Papa Faustin, uko na nini?"

"Sufuria moja, kitanda kimoja, kuku tatu."

"Na ngombe?"

"Ngombe? Mama, miye hata maziwa ya chai ninaomba kwa jirani!"

Jeannette, mke wake, akatazama paa.

Hapo akaingia Habineza, amevaa kofia ya harusi, ametembea tangu alfajiri ili kumtetea rafiki yake. "Mupatie huyu muntu mwaka!" akapaza sauti. "Naapa kwa Faustin mwenye alinipa ngombe, iko muntu wa kweli!"

Kalamu ikasimama juu ya daftari.

"Alikupa ngombe gani?" akauliza Mama Joséphine-Marie.

"Bihogo! Tena iko na mimba!"

"Ilikuwa zamani sana," Papa Faustin akasema haraka.

"Zamani gani, kaka? Ilikuwa samedi, hii Jumamosi tu!"

Watu wakacheka hadi benchi moja likavunjika. Papa Faustin akamgeukia rafiki yake. "Si nilikukonyeza?"

"Nilifikiri iko vumbi mu jicho."

Wanaume wawili walikwisha kuinuka kwenda kubeba sufuria. Jeannette akasimama. "Papa, sema yote sasa, ao nitasema miye."

Basi akasema. Alimtaja ng'ombe, akataja redio iliyofichwa chini ya kitanda, akataja na deni analodaiwa na mama mkwe wake, ambalo alikuwa amelificha kwa aibu.

"Nilikuwa ninangojea tu," akasema mama mkwe kutoka safu ya pili.

Walibishana hadi jioni. Wengine walitaka Bihogo auzwe, lakini Habineza alijilaza mlangoni akisema ng'ombe aliyetolewa harudishwi. Mwishowe wakaamua: daftari lilikuwa bado wazi alipokiri, kwa hiyo sufuria itabaki na mwaka atapewa. Bihogo atakaa Nyamitaba, ila ndama atakuwa wa wadai, na akishazaa, maziwa yatapikwa na Papa Faustin kuwa jibini ya kulipia madeni. Kila wiki Habineza ataleta mwenyewe maziwa ya siku moja, yangali mabichi.

"Tuanze tena," akasema Mama Joséphine-Marie, akifungua ukurasa mpya.

Safari hii Papa Faustin hakuacha kitu. Alitaja kuku, ndoo, viatu vya Jumapili, hata kijiko kilichopinda.

"Kijiko musiandike," akasema Jeannette. "Iko yangu."