Shahidi Niliyemsitiri

Siku ile rufani yangu ilipotupwa naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa si jambo ninalopenda kulikumbuka.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Ndugu yangu Athumani alikuwa amefia jela. Kifungo chake kilikuwa cha haki, sikufichi, aliiba. Lakini alipougua homa, askari jela walisema anatega kazi, wakampeleka kupasua mawe mpaka akaanguka. Mama hakutaka kingine. Alisema, "Nataka waseme tu kwamba mwanangu aliumwa kweli, hakuwa mvivu."

Nikaishtaki jela, bila wakili. Ujana huo. Nilidhani ukweli hujisimamia.

Shahidi nilikuwa naye: Mbwana, jirani yetu wa Makorora, aliyefungwa pamoja na Athumani na kumsikia akiomba dawa. Lakini Mbwana alipotoka jela aliwaambia wakweze kwamba alikuwa Pemba akichuma karafuu. Nawe wajua aibu ya ukweni ilivyo kwetu. Nikaona si uungwana kumvua nguo mbele za watu. Nikasimama peke yangu, nikashindwa, nikakata rufani.

Siku ya rufani Mbwana alikuja mwenyewe, kavaa kanzu yake ya Ijumaa. Nikamwonyesha jaji: shahidi huyu hapa.

"Kesi iliposikizwa mara ya kwanza alikuwa wapi?" jaji aliuliza kwa kinywa cha mkalimani.

"Makorora, bwana jaji. Jirani yangu."

"Mbona hukumleta?"

"Nilimsitiri."

Mkalimani alinitazama kwa huruma kabla ya kutafsiri. Jaji hakukasirika. Alisema mahakama ya rufani haipokei shahidi ambaye angeweza kuletwa tangu mwanzo. Basi, ikaisha hivyo, hata jasho la kupanda ngazi halijanikauka.

Nje, Mbwana alinishika mkono. "We bwana, nani kakwambia nataka stara? Ukweni wamejua zamani! Shemeji zangu kila Idi huniuliza, 'Karafuu zako hazijakauka tu?'" Alicheka kidogo, kisha akaniachia mkono. "Ungeniuliza. Umenifunika mimi, marehemu ukamwacha wazi."

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchele.

"Wamesema aliumwa?"

"Hawakusema, mama."

Akaendelea kuchambua. Alikufa neno lile halijasemwa na yeyote, ila mimi na Mbwana, na sisi hatukuwa mahakama.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Stara ni jambo jema, sikatai, lakini aibu ya mtu ni yake, na ruhusa ya kuitoa ni yake pia. Usimwamulie; nenda ukamuulize. Na ukienda kudai haki, hasa ya aliyekufa, tafuta kwanza anayezijua njia za mahakama, na ukweli wote uupeleke siku ya kwanza. Mimi nimechoka kulibeba hili, ndiyo maana nakukabidhi.

Mola akupe ulimi wa kuwasemea wasioweza tena kusema, na akupe kuutumia mapema. Amin.